Pengo Chini ya Kaboni

"Eedo, zihesabu kadi kwanza!" Ruqiya alimtania kutoka dawati la nyuma, akimwita shangazi kama darasa zima. "Ziko kumi na nane!"

Timiro hakuhesabu. Kwao Hadado, mfugaji mwenye akili zake hanyoshei ngamia kidole akasema mmoja, wawili. Hesabu huita jicho baya. Alimwaga mezani vipande vya katoni, kila kimoja kikiwa na jina la elementi, uzito wake na tabia zake, akavitazama kama mtu aonaye kundi likija kisimani kwa mbali, miguu ikielea juu ya joto, hujui ni ngamia au ni usingizi.

Mwalimu Mustaf alikaa mlangoni, orodha ya watahiniwa gotini. Timiro akivipanga vibaya, jina lake haliingii, na ile kozi ya tiba ya mifugo anayoiota tangu ukame uwalaze chini ngamia wake saba itasubiri mwaka mwingine. Yeye ana thelathini na tisa. Kozi inaweza kusubiri. Magoti yake je?

Akaanza na wepesi. Sodiamu alipofika, akamsimamisha chini ya lithiamu, maana wote wawili wakigusa maji ni fujo.

"Hawa ni ukoo moja," alinong'ona. "Wanapiga teke kisimani."

Neoni na agoni wakaenda pembeni kabisa, chini ya heliamu: wazee wa kiburi, hawachanganyiki na mtu hata arusini. Aluminiamu akakaa chini ya boroni. Aliyefuata kwa uzito alikuwa fosforasi, na hapo mkono wa Timiro ukaganda hewani, juu ya nafasi iliyo chini ya kaboni. Huyu si wa kaboni. Tabia zote ni za nitrojeni, mtu na shangazi yake.

Akairuka nafasi. Alipomaliza, katikati ya kundi palikuwa na pengo.

Darasa likaangua kicheko. "Eedo amechinja mmoja!"

"Wasogeze tu, wabanane," Ruqiya akanong'ona, sasa kwa huruma. "Utafeli, wallahi."

"Hapana. Hapa kuna mwenyewe. Iko malishoni, hajafika."

Mustaf akaja, akahesabu kwa kidole, maana yeye ni mtu wa vitabu. Kumi na saba. Akapekua boksi, akapekua mifuko ya suruali. Hakuna kitu.

"Huyo wako," akauliza polepole, "anafanana vipi?"

"Anazidi aluminiamu kidogo, fosforasi anamshinda. Tabia anafuata kaboni hapo juu: anashika wenzake kwa mikono nne."

Mwalimu akachomoa kalamu.

"Anaitwa silikoni. Mimi ndiye nimempoteza." Akaandika *Timiro*, akainua macho. "Lakini hayuko mbali. Yumo ndani ya mchanga. Jina la baba?"

"Abdijabar."

Alijibu huku ameinama, anavua ndala. Akaigonga taratibu ukingoni mwa meza, na mchanga ukatiririka ndani ya pengo, chembe kwa chembe, ukimeta.