Mji wa Liberati

Kitendawili! Tega sikio: yumo nyumbani saa zote na hakuna anayemsalimu, akitoka, nyumba nzima inapiga yowe. Ni nani huyo?

Hujui? Hata Kostansia hakujua. Mumewe, Liberati, alimtegea asubuhi moja jikoni kwao Beechmont, mtaa wa Louisville, kama walivyozoea tangu ujana wao katika kambi ya wakimbizi Tanzania.

"Umeshindwa, Mama Ange. Nipe mji nikupe jibu."

"Mji sikupi ng'o! Nitalipata mwenyewe."

Liberati akacheka. Kikombe kikamponyoka, naye akaanguka kama gunia. Moyo ulikuwa umesimama.

Watu wa ambulensi waliushtua ukadunda tena, lakini mwenyewe hakuamka. Hospitalini wakamzungushia kifuani na mapajani pedi zenye maji baridi. Mkalimani akaeleza kwa simu: wanampoza makusudi, ubongo usizidi kuumia, baadaye watampasha joto taratibu, ndipo watajua kama ataamka.

Kostansia aliitikia kwa kichwa tu. Akamshika mume mkono. Baridi! Mkono wa namna hiyo aliugusa mara ya mwisho alipomwosha mama yake kwa maziko. Nesi Patricia alipotoka, akavua sweta, akafungua na kitenge chake cha juu, akamfunika Liberati mpaka kidevuni, akawa anamsugua viganja.

"Pata moto, mzee wangu. Pata moto."

Mashine ikalia. Patricia akaja mbio, akavuta nguo zote. Akapiga simu, mkalimani akasema, "Mama, joto ndilo linalomwumiza sasa."

"Yesu wangu! Nimemuua kwa sweta?"

Patricia akamshika bega. Akasema wamewahi, ila kuhusu kuamka, hakuna anayejua bado.

Kijana wao Revokatus akafika kwa gari kutoka Columbus. "Mama, kula kidogo."

"Nile, na baba yako yuko kama samaki wa friji?"

Wakampasha joto. Mkono ukawa mkono tena. Dawa za usingizi zikasimamishwa, akaanza kupumua mwenyewe, bomba la kupumulia likatolewa kooni. Macho hayakufunguka. Siku zikapita. Ange akapiga simu kutoka Buffalo, wakaiweka sikioni kwa baba yake. Binti akamwita mpaka sauti ikamkauka. Daktari akaanza kuongea polepole mno, na Kostansia hakutaka atafsiriwe.

Akainama juu ya kitanda.

"Baba Ange, nimeshindwa, unasikia? Nakupa mji. Chukua Columbus, kwa mwanao."

Akamlowanisha midomo kwa kitambaa.

"Hutaki? Chukua Buffalo. Ange atakupeleka Riverside, ukatazame mto."

Revokatus akageukia ukutani, mabega yakimtikisika.

"Wewe mzee, kila mji unakataa! Basi chukua Louisville. Chukua hapa hapa, nilipo mimi."

Midomo iliyopasuka ikacheza. Kope zikafuata.

"Nimekwenda," Liberati akakwaruza, "nimerudi... Ni pumzi, Mama Ange. Pumzi."