Msumeno Uliomuulizia Mama Mkwe

Seremala alikuwa na mtindo wake. Akishakata ubao kwa msumeno wa umeme na kuachia swichi, hauinui mpaka meno yasimame kabisa. Wakati huo humuuliza aliye karibu hali ya ukoo wake mzima.

"Shemeji, unapiga soga kuliko kazi!" alifoka mume wa dada yake, aliyekuja kusaidia. Akakata mwenyewe, akaachia swichi, akainua papo hapo. Meno bado yanazunguka! Yakadaka kipande cha ubao, kikaruka na kofia yake hadi dirishani.

Seremala alicheka mpaka akakaa chini.

Ubao wa pili, shemeji huyo aliachia swichi, akatulia tuli, akauliza kwa adabu: "Mama hajambo?"

Mlangoni, mkewe, dada wa seremala, nusura aangushe chai aliyowaletea.

"Miaka yote ya ndoa, leo ndiyo kamuulizia mama! Kaka, msumeno huo nauhamishia kwangu."