Sukari ndani ya Kidonge

Donatien alikuwa muuguzi wa dispansari moja ya huko Kasha, nje ya mji, lakini mkewe Cibalonza alimwita Dokta, tena kwa sauti iliyowachekesha hata majirani.

Kila mkewe alipopata homa, hata ya kunyeshewa tu akitoka sokoni, Donatien alifika na vidonge vya kloramfenikoli mfukoni, vile vya ganda lenye unga ndani, masalio ya wagonjwa waliojiona wamepona kabla ya kumaliza dozi. Hakupenda kuona dawa nzuri ikitupwa. Cibalonza hakuweza kumeza kidonge kizima, basi mume alikifungua, akamwaga unga kwenye kijiko cha maji, na mke akanywa uso umemkunjamana.

"Mapenzi yako iko chungu, Dokta."

Baada ya siku mbili, akipata nafuu, vilivyobaki vilirudi mfukoni kungoja homa nyingine. Miaka mitatu hivyo.

Mwaka 1978 homa ilikataa kuondoka. Mdomo ulijaa vidonda, mikono ikaota madoa meusi kama ya mtu aliyepigwa, na Donatien, ambaye hakuwahi kumnyooshea mkewe hata kidole, akaanza kutazamwa vibaya na mashemeji. Hospitalini mjini, daktari alimwita barazani akamuuliza mgonjwa amekuwa akinywa nini. Akajibu kwa fahari. Daktari akavua miwani. Dawa ile, alimweleza, huua vijidudu kweli, lakini kwa watu wachache huingia hadi ndani ya mifupa, mahali damu inapotengenezwa, na kupakausha. Askari wa mwili wa Cibalonza walikuwa wamekwisha. Sasa hata mkwaruzo wa ukucha ungemshinda, na wa kuwarudisha askari hao hakuwepo.

Donatien alirudi kitandani akijitahidi kutabasamu.

"Banganga ba hapa habajue kitu," mkewe alinong'ona. "Unipe ile yako, ndjo inaniponeshaka."

Kukataa kungemlazimu aseme sababu. Alitoka hadi barazani, akafungua kidonge, akamwaga unga majanini, akatia sukari ya chai, akakifunga.

Akakifungua tena mbele yake, juu ya kijiko. Cibalonza alinywa, uso tayari kukunjamana. Haukukunjamana.

"Leo iko tamu," alisema. "Basi ile ingine ndjo imenifanya hivi."

Donatien aliinamisha kichwa. Mkono mwepesi, uliojaa madoa, ukamshika kidevu.

"Usiambie bandugu zangu, Dokta. Batakuua. Kukucheka ni haki yangu mimi peke yangu."

Kisha akafungua mdomo, akingoja sukari iliyobaki kijikoni.