Kichupa cha Mzima

Kila Jumatatu asubuhi, kabla hata chai haijamiminwa, Chuma alikunja mkono wa shati akanipa mkono wake wa kushoto. Nilimtoa damu, nikaizungusha mashineni mpaka majimaji yake yakajitenga, nikayatia kwenye kichupa na kuandika juu yake: MZIMA.

Tulikuwa tunatengeneza vijiti vya kupima ini. Ini likiumia, huvujisha kimeng'enya chake kwenye damu. Kimeng'enya hicho kikikutana na kemikali tuliyopaka kwenye ncha ya kijiti, umeme kidogo sana huzaliwa, na mashine ya ukubwa wa kiganja huusoma. Umeme haba, taa ya kijani. Umeme mwingi, taa nyekundu. Ila mashine haijui haba ni kiasi gani mpaka uionyeshe damu ya mtu asiye na ugonjwa. Damu ya kulinganishia ya kuagiza ilichukua miezi kufika, ndipo Chuma akasema, "Ya nini kusubiri? Miaka tisa sijaugua hata mafua. Nichomeni mimi."

Nani angembishia? Ndiye aliyenifundisha kushika sindano nilipokuwa nasomea stashahada. Nilimwita kaka, na kwa mama yangu alikula bila kukaribishwa, kama mtoto wa nyumba.

Jumatatu moja akapiga simu kwamba gari limemharibikia njiani. Nikajichoma mwenyewe. Mashine ikasoma kumi na tisa. Damu ya Chuma haikuwahi kushuka chini ya hamsini na tano.

"Vijiti vimeharibika," nilimwambia mama msafishaji, aliyekuwa anapiga deki. Nikafungua kopo jipya. Kumi na tisa tena.

"Labda huna damu," alisema. "Wewe upepo ukivuma tunakukimbilia na kamba."

"Haya, leta ya kwako."

Akaegemeza ufagio ukutani, akatoa mkono huku uso kaugeuzia dirishani. Ishirini na tatu. Mlinzi wa getini naye akaja akinung'unika kwamba hakuajiriwa kuja kunyonywa. Kumi na saba.

"Kumbe mimi ndiye mzima kuliko nyote," alisema. "Mnipe cheo."

Mama msafishaji akacheka. Mimi nilikuwa nimeshafungua daftari la majaribio, nikarudi nyuma wiki tatu. Vijiti vyetu vilikuwa havijatoka nje ya chumba kile, ila siku moja tulimpima mama yangu humo humo. Alikuja akisema mwili unamwasha na chakula hakipiti. Hamsini na moja, chini ya namba ya Chuma, kwa hiyo taa ya kijani. Alikuwa amepanga kwenda hospitali, akaghairi. Mpaka leo alikuwa anajikuna na kuwaambia majirani, "Mashine ya mwanangu imesema sina kitu."

Aliyeshika kijiti siku ile, huku akimtania kwamba atatuzika sote, alikuwa Chuma.

Alifika saa nne. Akaona vichupa vitatu mezani, kila kimoja na namba yake. Mkono wa shati hakuukunja.

"Umempima nani?"

"Sisi watatu. Kaka, ini lako lina nini?"

Akavuta kiti, akakaa polepole. "Daktari aliniambia mwaka jana."

"Kabla hujajitolea damu."

"Kabla." Alikuwa anaongea na meza. "Mwenye ini bovu haruhusiwi kushika kazi za damu hapa. Wangenipeleka stoo nikapange maboksi. Mimi, Chuma? Nikadhani, nikiwa mimi ndiye kipimo, nani atanipima?"

"Na mama yangu?"

Akakizungusha kichupa kimoja mezani.

"Uliiona namba yake?"

"Niliiona."

"Ukajua?"

"Nilijua." Akajifuta uso. "Mdogo wangu, nipe mpaka Ijumaa. Tushushe mpaka wa taa ya kijani, tufute zile za zamani. Vijiti havijatoka. Hakuna aliyeumia."

Hakuna. Mama yangu aliyempakulia minofu na kuniachia mimi mchuzi, hakuwa mtu.

Nikapiga simu, nikaweka sauti ya nje, nikailaza mezani kati yetu.

"Mama, vaa uende hospitali leo. Usingoje. Ile mashine ilikosea."

"Ikosee vipi?" Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyetoka kulala. "Si Chuma alikuwapo? Ingekosea si angesema?"

Nikamsogezea simu. "Umeulizwa, kaka."

Alianza kufunga vifungo vya mkono wa shati, vilivyokuwa vimefungwa tayari.

"Chuma?" mama aliita. "Mwanangu, upo hapo?"

Nikangoja. Nilimpa muda mrefu kuliko aliostahili. Kisha nikachukua pamba yenye spiriti, nikafuta neno nililoandika kwenye kichupa chake cha wiki iliyopita mpaka kioo kikabaki kitupu.

"Hayupo, mama," nilisema, huku namtazama. "Nakuja kukuchukua."