Mlango wa Kabati Uliokauka kwa Ubishi

Naapa kwa meno yangu kumi na moja yaliyobaki, humu hamna hata chembe ya uongo. Asiyeamini aje aulize, ila asimuulize binti yangu.

Nilipaka samani vanishi miaka thelathini na minane. Zilikuwa ziking'aa mpaka ndege wanatua mezani kunywa maji. Nilipostaafu, binti yangu akashika karakana, mimi nikabaki na chumba cha kukaushia: rafu ukutani kote, mbao zimelazwa juu yake, nami katikati nikiziangalia zikikauka. Msicheke. Ni kazi inayotaka kipaji.

Siku moja binti akaja na taa ya miale ya urujuanimno. Jina refu kuliko taa yenyewe! Unapaka vanishi yake maalumu, unapitisha taa juu, na kabla hujapiga chafya imekuwa ngumu kama kioo.

"Baba, chumba cha kukaushia hakina kazi tena. Navunja rafu, niweke mashine."

"Anza kunivunja mimi."

"Baba, vanishi yako inachukua siku nzima!"

"Nikiamua, inakauka sasa hivi. Inanijua."

Shemeji yangu, fundi kufuli, alikuwa mlangoni akichonga ufunguo kwa tupa. Akaangua kicheko. "Shemeji, hapo umejifunga mwenyewe."

"Haya," binti akasema. "Paka mlango huu wa kabati. Ukikauka kabla mjomba hajamaliza ufunguo, rafu zinabaki. Usipokauka?"

"Nitazibomoa kwa mikono yangu hii."

Nikajifungia chumbani na mlango wangu. Nikaupaka, kisha nikaukazia macho kama ninavyomkazia mkwe. Vanishi ikatetemeka. Ikaona haya. Ikakauka. Wallahi!

Nikatoka nao begani, kifua mbele. Shemeji akaugonga kwa ufunguo wake ambao bado hauna meno: ko, ko, ko. Akaukwaruza kwa ukucha. Hakuna alama.

"Mjomba, usimpe ushindi bado," binti akasema. Akaingia chumbani, akarudi na brashi yangu. Nywele za brashi zilikuwa zimegandamana, ngumu kama kisigino.

"Hii ilikuwa dirishani, juani. Baba, vanishi yako ingeacha brashi laini mpaka kesho. Vanishi hii ni yangu."

"Macho yangu makali, yameikausha hata brashi."

"Kopo langu limepungua. Limeandikwa lisiwekwe juani. Ulisoma, sivyo?"

Nilisoma, nilipokuwa nimejifungia. Nikajiuliza, kwa nini vanishi iogope jua? Nikapata jibu: jua nalo lina miale ile ile. Nikaupaka mlango vanishi yake, nikauegemeza dirishani, nikakaa nikipiga mluzi.

"Kwani jua nalo umelinunua wewe?" nikamuuliza.

"Jua la wote. Vanishi ni yangu, na tulisema yako."

Shemeji akakohoa, akaangalia pembeni. Hata yeye aliyekula nyumbani kwangu miaka yote akarudi kuchonga ufunguo wake.

Nikachukua nyundo. Rafu nilizigongomea mwenyewe nikiwa kijana, na misumari ilinibishia kama ninavyobisha mimi. Rafu ya kwanza ikaanguka. Ya pili. Jasho likanitiririka mpaka kwenye ndevu.

"Inatosha, Baba. Zilizobaki nitamalizia mimi."

"Thubutu! Tulisema kwa mikono yangu."

Nikaipiga ya tatu mpaka vumbi likamfukuza shemeji nje.