Hodi ya Kwanza Haijibiwi

Mtaani nyumba ile iliitwa Kwa Viziwi, na haikuwa na kiziwi hata mmoja. Kisa ni bibi. Ukipiga hodi pale mara moja, kimya. Ya pili, kimya, na huku unasikia kabisa mwiko ukigonga sufuria. Ya tatu ndipo bibi anaitika, tena kwa bashasha, kana kwamba ndiyo kwanza umefika. Wageni walishazoea. Asiyezoea ni mjukuu wake wa miaka kumi, ambaye hodi haijaisha mdomoni mwa mtu, karibu yake ishafika mlangoni. Bibi akambandika jina la Kiherehere, na jina likamganda.

Asubuhi hiyo alimwitikia muuza mkaa kwa hodi ya kwanza. Bibi alimgombeza mpaka muuza mkaa mwenyewe akaona haya. Lakini safari hii machozi yalimlenga bibi. Mlango wa stoo, aliouchonga baba yake bibi, fundi seremala, ulikuwa umeliwa na mchwa, na fundi mwingine alikuwa njiani kuja kuung'oa.

"Mlango unaondoka leo," bibi alisema, "na wewe bado hujajifunza."

Kiherehere hakuona mlango na hodi vinahusiana nini. Uzee huo, alijisemea, akaingia stoo kuchukua ufagio uliokuwa nyuma ya mlango. Ili aufikie ilimbidi aufunge mlango, na giza likamfunika gubigubi.

Giza lilipopungua, stoo haikuwa stoo tena. Ilinuka mbao mbichi. Misumeno ilining'inia ukutani, randa ilikuwa juu ya meza, na chini ya meza maranda yalirundikana hadi magotini. Katikati alisimama mtoto wa kike wa rika lake, kwa mguu mmoja, akijikuna muundi kwa wayo wa mguu wa pili. Mwili ukamsisimka Kiherehere. Duniani alimjua mtu mmoja tu anayesimama vile akiwa na hofu, naye ana mvi kichwa kizima.

Mtoto yule wala hakumuuliza katokea wapi. Hofu ilikuwa imemjaa, mshangao ungekaa wapi? Alinong'ona mbiombio. Askari wamo mtaani, wanakamata wanaume wakabebe mizigo ya vita, vita vyenyewe vya watu wengine, na waliochukuliwa mwanzo hajarudi hata mmoja. Mama yake amefunga kufuli kwa nje ili nyumba ionekane tupu, kisha akaenda zake kisimani kama siku zote. Kiherehere akauliza baba yuko wapi. Mtoto akaelekeza macho chini ya meza, na Kiherehere akaona rundo la maranda linapumua.

Mara wakasikia hodi nyumba ya pili, ng'ambo ya ukuta. Hodi ya upole, ya mjomba aliyeleta zawadi. Sauti ya mtoto mdogo ikaitika, "Karibu." Hapo hapo kikafuata kishindo, kilio cha mwanamke, na sauti ya jirani mwashi akiomba walau avae shati. Hawakumpa nafasi. Askari walikuwa wametega kwa adabu, maana mtoto aliyelelewa vizuri haulizi ulimi wake kabla ya kuitika.

Viatu vikaja, vikasimama mlangoni. Kufuli likatikiswa.

"Hodi."

Yule mtoto akafungua mdomo. Kiherehere alimrukia akamziba kwa kiganja, na mwenzake kwa kuruka roho akamng'ata kwa nguvu zote. Kiherehere hakupiga kelele. Hakuwa na ubavu wa kumlaumu, kwani karibu nyingine ilikuwa imeshafika kooni mwake mwenyewe, akaimeza kwa shida.

"Kwetu hodi ya kwanza haijibiwi," alimnong'oneza.

"Hodi, wenyewe," sauti ikarudia, tamu kuliko mwanzo. Maranda yakaacha kupumua.

"Wala ya pili."

Nje mtu mmoja alisema hamna watu humu, wanapoteza muda, jua linapanda. Viatu vikaondoka, lakini watoto hawakujitikisa. Walikaa vile, kiganja mdomoni, mpaka mtaa wote ukanyamaza. Ndipo mtoto akauliza mama akirudi watamjuaje. Kiherehere akamwambia mwenye haraka hafikishi ya tatu. Wa kwenu atangoja.

"Nani kakufundisha?"

"Bibi yangu."

Mtoto alimtazama sana. Alitaka kuuliza jingine, lakini nje mtu alitua ndoo, akapiga hodi, akangoja, akarudia, akangoja, akarudia. "Karibu, mama," mtoto akaitika huku analia. Ufunguo ukazunguka, mlango ukasukumwa kuingia ndani, ukambana Kiherehere ukutani pale pale palipokuwa na ufagio.

Alipotoka nyuma yake, alimkuta bibi amesimama kwa mguu mmoja. Bibi aliushika mkono wake, akaugeuza, akayatazama meno yaliyochoreka kiganjani.

"Nilikung'ata sana?"

Kiherehere akaangua kilio. Bibi alimkumbatia, akamwambia hakujua ni siku gani Kiherehere angekwenda kule. Alijua tu kwamba mjukuu alikuja na neno lile mdomoni, na mtu wa kumpa ni yeye bibi, na leo mlango unang'olewa na mtoto bado anaitika ovyo. Baba yake bibi alizeekea kwenye meza ile ile. Kiherehere akauliza habari za yule mtoto wa jirani.

"Hakumwambia tena mtu karibu," bibi alisema, "mpaka amekufa."

Nje fundi akapiga hodi. Kiherehere akafumba mdomo. Fundi akapiga ya pili, akalalamika kidogo, akatua mfuko wake wa vifaa, akapiga ya tatu. Bibi alijaribu kuitika akashindwa, sauti imemkauka, ikabidi Kiherehere ndiye amkaribishe.