Maumivu ya Kwandu Yanajua Njia

Jumanne saa nane mchana, nesi Philomena wa zahanati ya Kasoli alimlaza Kwandu kitandani, akamwambia afumbe macho, kwa mawazo awapeleke ng'ombe wa baba yake kunywa maji. Kwandu alikuwa msichana wa miaka kumi, na tumbo lilikuwa linamuuma tangu msimu wa pamba uliopita. Choo kilipimwa, damu ikapimwa, dawa ya minyoo akanywa mara tatu. Hakuna kitu. Basi Philomena akajaribu tiba aliyofundishwa kwenye semina Bariadi, ya kumlaza mtoto kwa maneno tu.

"Anatangulia nani?" aliuliza kwa sauti ya chini.

"Yule mwekundu."

"Mwache anywe. Anafuata nani?"

Walipofika kwa ng'ombe wa tisa, yule asiye na pembe, midomo ya Kwandu ililegea. Hapo maumivu yakamtoka tumboni, yakashuka kitandani, yakasimama sakafuni. Yalikuwa na kimo cha mbuzi na rangi ya maji yaliyooshewa mchele. Yakatoka mlangoni bila kuaga.

Nyanjige, mama wa mtoto, alikuwa kwenye benchi nje. Alivuta miguu yapite. "Mwadila," akayasalimu, maana ilikuwa mchana na kupishana bila salamu si adabu. Kisha akajifunga khanga akayafuata, ajue yanakaa wapi.

Yalikwenda moja kwa moja hadi godauni ya Bwana Masele, mnunuzi wa pamba. Yakapanda ngazi, yakaingia ndani ya gunia refu lililoning'inizwa kwenye nguzo, yakaanza kukanyaga.

Hapa tuambiane ukweli. Enzi za ushirika, pamba ilishindiliwa magunioni kwa miguu na vibarua, wanaume wenye ndevu zao. Soko likafunguliwa, wanunuzi binafsi wakaja, na Bwana Masele akagundua kwamba mtoto anaenea vizuri zaidi ndani ya gunia. Akaipa shule mabati. Mwalimu mkuu, Mwalimu Mayala, naye akampa darasa la nne, kila siku kuanzia saa sita, saa ya uji. Eti elimu ya kujitegemea! Jioni watoto walishuka wakikohoa nyuzi, matumbo yamejikunja, na watu wazima wenye akili timamu wakawa wanawanywesha dawa ya minyoo. Inatia hasira hata kuieleza.

Kwandu aliamka akaomba chakula, akamaliza bakuli zima la michembe ya viazi. Philomena alifurahi mpaka akapiga kigelegele peke yake. Akachukua kadi ya mtoto akaandika kwa herufi kubwa: AMEPONA.

Kosa lilikuwa hilo. Mwalimu Mayala aliheshimu kitu kimoja tu duniani, kadi ya zahanati. Wiki mbili alizokuwa akitibiwa, neno "anaumwa" ndilo lililomweka Kwandu nje ya lile gunia.

Wiki hiyohiyo Philomena aliwalaza watoto wengine kumi na mmoja, akaandika kadi kumi na moja. Kasoli nzima ikaona maumivu kumi na mawili yakiongozana kwenda godauni. Wazazi wakaitisha mkutano shuleni, chini ya mabati mapya.

Nyanjige alisimama. "Tulikuwa tunauliza ugonjwa wa wanetu umetoka wapi. Si umetuonyesha wenyewe? Umekwenda kwao! Waacheni watoto."

Bwana Masele hakukataa. "Nimeyaona, mayu, mama yangu. Yana bidii, na maji hayaombi. Ila hayana uzito. Yanakanyaga kutwa, gunia halijai."

Mwalimu Mayala akafungua kadi moja moja. "Amepona. Amepona. Huyu naye amepona. Mtoto mzima akae nyumbani kwa sababu gani?"

"Nimekosea mimi!" Philomena aliruka kutoka kwenye kiti. "Lete hizo kadi, niandike wanaumwa!"

"Nesi, kwa hiyo unatuambia tiba yako ni ya uongo?"

Philomena aliwatazama wazazi wamsaidie. Wazazi walikuwa wanatazama mabati. Ni mabati mazuri, ya geji nzito. Mkutano ukafungwa kwa sala.

Jumatatu saa sita Kwandu alipanda ngazi akaingia kwenye gunia. Maumivu yake yalijisogeza kumpa nafasi. "Mwadila," akayasalimu, nayo yakaitikia. Walikanyaga pamoja mpaka jioni, na gunia likajaa. Aliposhuka, yalishuka naye, yakaingia tumboni pale pale yalipotokea, na Kwandu akaenda nyumbani ameinama.

Kesho yake saa nane Nyanjige alimbeba mgongoni hadi zahanati. Philomena akamlaza kitanda kilekile. Kwanza aliandika kwenye kadi: ANAUMWA. Alikuwa amekwisha kuambiwa kwamba sasa shule inapokea kadi ya daktari wa wilaya tu, lakini aliandika hivyohivyo, akikandamiza kalamu mpaka karatasi ikachanika.

"Fumba macho, mama. Anatangulia nani?"

"Mimi," akasema Kwandu.

"Anafuata nani?"

Kwandu akataja watoto wa darasa la nne, mmoja mmoja, mpaka wakaisha. Midomo ililegea, akalala. Philomena na Nyanjige wakangoja. Maumivu hayakutoka. Yalikuwa yamechoka, na kesho saa sita yana kazi.